Mtama Uliochipua Mara ya Pili

Nyumbani, Ushirombo
17 Novemba 2024

Mdogo wangu Nkwabi,

Nakusalimu. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mama. Goti lake la kushoto limekataa kukunjika, kwa hiyo sasa kanisani anasali ameketi kwenye benchi, na kila Jumapili ananiambia kuwa sala za kuketi haziendi mbali. Mpwa wako Loveness amemaliza mtihani wa kidato cha pili, na nikimuuliza ulikuwaje anachukua ufagio. Baba mdogo Donatus yuko vilevile, anacheka kila kitu.

Usishangae kupata karatasi. Tangu uliporekodi maneno yangu ya simu na kuwasikilizisha wazee siku ya kumaliza matanga ya baba, niliapa kuwa simu yako sitaipiga wala kuipokea. Masudi anayebeba maziwa yangu kwa pikipiki huwa anakuja huko Bugarama kila Jumatatu kwa shughuli zake. Atakukabidhi mkononi. Nakala ninaiandika katika daftari langu la kila siku, kwa hiyo nawe tunza yako.

Sasa nije kwenye jambo. Unakumbuka wazee walivyoamua. Ng'ombe watano wa maziwa aliowaacha baba wakae kwangu viangazi viwili. Wakivuka wote watano, ni wangu. Akifa hata mmoja, au nikiuza, wote wanakuwa wako kwa sababu wewe ndiye mtoto wa kiume na mimi nimerudi tu nyumbani kutoka kwa mume. Kiangazi cha kwanza kimekwisha. Wamevuka, lakini Nyota alifika Oktoba mbavu zikihesabika. Mahindi niliyopanda kwa ajili ya sileji, yale malisho ya kuvundika shimoni, yalikauka yakiwa yanatoa mbelewele, na shimo halikujaa hata nusu.

Wewe ulisoma chuo cha mifugo miaka miwili kasoro muhula mmoja. Nauliza kama mtu anayeuliza mtaalamu: nipande nini badala ya mahindi?

Mtamba wako Cheti ni mzima. Anakula na wenzake.

Dada yako,
Nyamizi


Bugarama
9 Desemba 2024

Dada,

Shikamoo. Mwambie mama namsalimu, na goti alichue kwa mafuta ya nyonyo. Mimi ni mzima. Nipo bado kwenye mtambo wa kuchenjua marudio, ule mchanga ambao wenzetu wameshautoa dhahabu mara moja na sisi tunautafuna mara ya pili. Tunaulowesha kwenye matangi kwa dawa, siku saba, dhahabu inayeyuka kama chumvi. Kazi yangu ni kupima dawa. Ukikosea kipimo unakufa, usipokosea unakohoa tu.

Nimefurahi kuwa hatimaye mtu wa nyumbani amekumbuka kuwa nilisoma. Baba aliponipa yule mtamba siku nilipopokelewa chuoni akamwita Cheti, alisema kingine nitakileta mwenyewe. Najua mnavyonicheka kuwa cheti pekee nilichopata kina mkia.

Acha mahindi. Mahindi ni chakula cha watu wenye mvua. Yakikosa maji wiki tatu wakati wa mbelewele umekwisha, kama ulivyoona. Panda mtama, ule mrefu wa malisho wenye shina tamu, si huu mfupi wa kupikia uji. Mtama ukikosa mvua unakunja majani na kungoja. Ikirudi, unaendelea ulipoishia. Mizizi inashuka mbali. Maziwa yatapungua kidogo ukilinganisha na sileji nzuri ya mahindi, kwa sababu punje za mahindi zina nguvu zaidi, lakini sileji nzuri ya mahindi huna, kwa hiyo hesabu hiyo haikuhusu.

Panda mwishoni mwa Desemba, mistari ya karibu. Faida nyingine ni kwamba ukishakata, using'oe mashina. Mtama unachipua tena wenyewe. Unapata malisho ya pili bila kutoa mbegu.

Naona nakusaidia kuwachukua ng'ombe ambao kwa haki ni wangu. Usiseme sikukusaidia.

Nkwabi


Nyumbani
2 Machi 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama alichua kwa mafuta ya nyonyo kama ulivyosema. Goti halijasikia, lakini yeye anamwambia kila mtu kuwa dawa imetoka kwa Nkwabi. Loveness amefaulu. Paroko amefiwa na mama yake, tulikwenda kuzika.

Mtama umenizidi kimo. Januari mvua ilikata siku ishirini na sita, nimezihesabu. Mahindi ya jirani yalilala. Mtama ulikunja majani kama ulivyoandika, nikaenda kila asubuhi kuutazama, na tarehe 11 Februari iliponyesha ulifunguka siku hiyohiyo. Nakiri kuwa ulisema kweli.

Kijiji kizima kinapita kuangalia. Baba mdogo Donatus hupita mara mbili kwa siku. Juzi alisimama ukingoni na fimbo yake:

"Mwangaluka, bwana shamba! Hii pombe itatosha harusi ngapi?"

"Ni ya ng'ombe, baba mdogo."

"Ng'ombe! Basi mtakamua komoni. Nitaleta kikombe changu mwenyewe."

Watu wakacheka. Halafu akasema kuwa zamani ng'ombe wakiingia kwenye mtama mchanga baada ya mvua walikuwa wanaanguka. Nikamuuliza, "Wanaanguka kwa kulewa?" Akajibu, "Wanaanguka tu, wewe unataka wakuage?" Wakacheka tena. Mtu huyu alisema pia kuwa sileji inaoza matumbo na kuwa plastiki ya shimoni itawafanya wazae ndama wasio na manyoya. Sijui lipi niandike kwenye daftari na lipi niache.

Ninachouliza: nikate lini? Ndege wameanza kunichezea masuke.

Nyamizi


Bugarama
24 Machi 2025

Dada, shikamoo.

Mimi ni mzima, kifua kidogo. Bana punje kwa kucha. Ikitoa maziwa, ngoja. Ikiwa kama uji mzito, kata. Ukichelewa punje zinakuwa ngumu, ng'ombe anazimeza na kuzitoa zilivyo, na kuku wako ndio watakaonenepa. Acha ukatwe uone jua nusu siku, ukatekate vipande vifupi kama ncha ya kidole, ushindilie shimoni mpaka miguu iume, ufunike plastiki na udongo. Usifungue kabla ya wiki sita.

Mzee Donatus mwache acheke.

Kuna jambo nataka ulifikirie kwa utulivu. Mwenye mtambo anauza sehemu ya hisa zake na mimi nimeambiwa kuwa nikileta mtaji nitakuwa mbia, si kibarua wa kupima dawa. Ng'ombe watano wangetosha. Ungeweza kuwaambia wazee wewe mwenyewe kuwa mzigo umekushinda, bila aibu yoyote, na mimi nisingekusahau. Naandika kama mdogo wako.

Nkwabi


Nyumbani
15 Juni 2025

Mdogo wangu Nkwabi,

Marahaba. Mama ni mzima, goti vilevile. Alitaka nikuandikie kuwa amekuwekea mbegu za maboga. Nikamwambia huna shamba. Akasema, "Atakuwa nalo."

Tulikata tarehe 19 Aprili. Kukatakata kulituchukua siku nne kwa mapanga mpaka tulipoazima mashine ya misheni. Kushindilia nilishindilia mimi, Loveness na wanawake wawili wa jumuiya, na mama amekaa ukingoni anaimba ili tusichoke. Tulifungua tarehe 4 Juni. Rangi ni ya majani makavu yenye unyevu, harufu kama ya embe bivu lililotiwa siki. Nyota alinusa, akarudi nyuma, akanitazama kama nimemtukana. Siku ya pili alikula. Siku ya tatu alinisukuma nilipochelewa.

Nimepima. Mwaka juzi, kwa sileji ya mahindi, Nyota alitoa lita tisa. Sasa anatoa saba na nusu. Mwaka jana wakati kama huu alitoa tatu. Punje nzima naziona kwenye mavi, nilichelewa siku chache kukata. Kosa ni langu.

Kuhusu barua yako ya Machi: mzigo haujanishinda.

Ila shimo la sileji halitafika Novemba, na sababu unaijua. Ngitili ya baba, ile aliyoifunga miaka ishirini ili nyasi zisimame mpaka Septemba, nusu yake sasa ni mashimo. Ulileta watu wako wakachimba maduara manne kutafuta dhahabu, hamkupata hata ya kujaza jino, mkaondoka mkaacha wazi. Nyasi haziotei juu ya kifusi. Nimezungushia miiba ili ng'ombe wasitumbukie. Baba alikuwa bado hai, alikuwa amelala ndani, na ulimwambia mnachimba kisima.

Cheti ni mzima. Amekua.

Nyamizi


Bugarama
28 Julai 2025

Dada,

Barua yako nimeisoma. Wewe hujui kusema ahsante bila kuweka mwiba ndani. Maduara yale yangepata dhahabu leo ungekuwa unakaa kwenye nyumba ya vigae na ungeniita mdogo wangu mpendwa.

Nimekufundisha mtama. Nimekufundisha shimo. Bila mimi Nyota angekuwa ngozi. Desemba wazee watakaa, na watakaposema ng'ombe ni wako, hakuna atakayesema Nkwabi alifanya nini.

Usiniulize tena mambo ya malisho. Una daftari lako, liulize.

Msalimu mama.

N.


Nyumbani
5 Oktoba 2025

Mdogo wangu Nkwabi,

Natumaini kifua kinaendelea vizuri. Mama anasali kwa ajili yako, ameketi.

Uliniambia nisikuulize tena. Nauliza. Sileji imekwisha tarehe 28 Septemba, nilikwangua mpaka plastiki. Ngitili imekwisha. Mabua ya jirani yamekwisha. Bwana mifugo wa kata alihamishwa Agosti na hajaletwa mwingine. Ng'ombe wanakula majani ya migomba na maganda ninayookota sokoni, na Nyota ameanza tena kuonyesha mbavu. Bado miezi miwili na nusu wazee wakae.

Wiki tatu zilizopita mvua ya kwanza ilinyesha, siku mbili, ikakata. Mashina ya mtama ambayo uliniambia nisiyang'oe yamechipua. Shamba zima ni la kijani kibichi, mpaka magotini, majani laini kabisa. Ng'ombe wanasikia harufu yake kutoka zizini na wanalia. Ni malisho ya pili uliyoniahidi.

Lakini kuna yale maneno ya baba mdogo kuhusu mtama mchanga. Nimeyatafuta kwenye daftari, yapo, tarehe 28 Februari, katikati ya mizaha yake. Sijui kama nao ni mzaha. Wewe unajua.

Naweza kuwapa au nisiwape? Neno moja linatosha. Masudi nimemwambia asubiri jibu.

Dada yako,
Nyamizi


Bugarama
27 Oktoba 2025

Dada yangu Nyamizi,

Shikamoo. Shikamoo sana. Nisalimie mama, mwambie nitakuja Krismasi na kanga.

Barua yako nimeipata jana. Kulikuwa na kazi nyingi, watu waliipokea wakaiweka mahali, sikuambiwa.

USIWAPE. Mtama mchanga, hasa unaochipua baada ya ukame na mvua fupi, una sumu ndani ya jani. Ni sianidi, dada, hiihii ninayoipima kwenye matangi kwa glavu na barakoa. Tumboni kwa ng'ombe inafunguka mara moja. Anahema haraka, anatetemeka, anaanguka, na unaweza kumpoteza kabla hujamaliza kumwita jirani. Ngoja mpaka upite kiuno na uendelee kukua wiki kadhaa, au ukate uukaushe juani kabisa, au uutie shimoni wiki nyingi, hapo sumu inapungua. Mkubwa ule wa Aprili haukuwa na shida kwa sababu hiyo. Nilipaswa kuandika haya tangu Desemba ile nilipokwambia using'oe mashina. Nilijua, nikaona bado ni mbali.

Nijibu leo kwa Masudi. Au nipigie. Tafadhali nipigie.

Mdogo wako,
Nkwabi


Nyumbani
2 Novemba 2025

Nkwabi,

Mama ni mzima. Loveness ni mzima. Ng'ombe watano wa baba ni wazima, Nyota naye yumo.

Nakunakilia daftari langu kama lilivyo, sijaongeza wala kupunguza.

"Jumatatu, 6 Oktoba. Masudi amerudi saa kumi. Amesema alimkabidhi Nkwabi barua mkononi, getini kwa mtambo. Nkwabi aliifungua hapohapo, akaisoma yote, akaikunja mara nne akaiweka mfuko wa shati. Akasema: Nitajibu. Masudi alisubiri mpaka saa saba. Hakujibiwa.

Jumatatu, 13 Oktoba. Masudi amerudi bila barua. Nkwabi amemuuliza: Ng'ombe wa dada wanakula nini siku hizi? Masudi akasema majani ya migomba. Nkwabi akasema: Mwambie bado nafikiri.

Jumatatu, 20 Oktoba. Masudi amerudi bila barua. Nkwabi amemuuliza kabla ya salamu: Huko hakuna msiba wa ng'ombe? Masudi akasema hakuna. Nkwabi akacheka kidogo, akampa soda."

Kwa hiyo barua yangu hukuipata jana. Uliivaa wiki tatu.

Sasa inafuata Jumanne, tarehe 21. Nyota alikuwa ameshindwa kusimama asubuhi mpaka tulipomwinua na Loveness. Nilishika simu. Namba yako ipo, sijaifuta. Nilikaa nayo kwenye kigoda muda wa kukamua ng'ombe mmoja, kisha nikaiweka chini. Nilikuwa nimeapa. Nilijiambia: kama mtama ungekuwa mbaya, mtu aliyesoma barua angesema. Hakuna mtu wa tumbo moja anayenyamaza jambo kama hilo. Kwa hiyo kunyamaza kwake maana yake ni ruhusa. Nilijiambia hivyo, lakini nilichofanya hakikuwa cha mtu aliyeamini.

Mimi hufanya mambo kwa utaratibu, unanijua. Nilikata mafungu mawili tu. Niliwafunga wale watano mbali. Nikampa mmoja kwanza, ili nione.

Nilimpa Cheti.

Alikula kwa furaha, akitikisa masikio. Sikuwa na saa mkononi lakini redio ilikuwa inasoma taarifa ya saa nne alipoanza, na haikuwa imemaliza habari za michezo alipoanza kuhema. Alinifuata hatua mbili. Miguu ya mbele ikapiga magoti. Ufizi wake ulikuwa mwekundu kuliko nilivyowahi kuona ufizi wowote, kama mtu aliyekunywa rangi. Mama alitoka kwa fimbo yake akapiga kelele jina lako, si la ng'ombe. Hata maji hatukuwahi kumletea.

Baba mdogo Donatus alikuja. Kwa mara ya kwanza hakucheka. Alisema, "Nilikwambia." Nikasema, "Uliniambia pamoja na komoni, baba mdogo." Akakaa chini kwenye vumbi akavua kofia. Alifikiri Cheti ameingia shambani mwenyewe. Sikumwambia vinginevyo.

Kwa wazee, Cheti hakuwa katika wale watano. Alikuwa wako. Hesabu yangu iko salama. Umeelewa? Ulinyamaza ili ng'ombe wangu wafe, amekufa wako, na nimemchagua mimi. Nimeandika katika daftari swali hili: kwa nini yeye na si mwingine? Ukurasa uliobaki nimeuacha mtupu. Najua jibu lake na sitaki kuliona kwa mwandiko wangu.

Nilimwambia Masudi asikwambie lolote. Kwa hiyo ulipoandika tarehe 27 hukujua kuwa amekufa yeyote. Mama anasema huo ndio moyo wako wa kweli, kwamba umeshindwa kunyamaza. Labda. Ulichelewa siku sita tu.

Nyama hatukula. Tulimburuta kwa maksai wa jirani mpaka ngitili, tukamtumbukiza katika duara lako la tatu, lile lililo karibu na mkwaju. Tumemfukia kwa kifusi chenu wenyewe. Hatimaye limefaa kitu.

Sikuandika marahaba. Si kwamba nimesahau.

Nyamizi


Bugarama
10 Novemba 2025

Dada,

Nimepokea. Sitabisha tarehe.

Kwenye kikao cha wazee sitakuja. Watakapouliza kuhusu Cheti, waambie aliumwa na nyoka. Barua yako ya Oktoba nimeichoma. Hii uliyotuma sasa nitaichoma pia. Fanya upendavyo na daftari.

Nkwabi


Nyumbani
21 Desemba 2025

Nkwabi,

Wazee wamekaa jana, baada ya mvua ya asubuhi. Walikuja saba. Waliwatazama ng'ombe mmoja mmoja, wakawashika migongo, wakakubaliana kuwa watano wapo na wana nyama. Nyota alinyea viatu vya mzee wa pili na watu wakaona ni baraka. Waliandika. Ng'ombe ni wangu.

Kisha mzee wa kwanza akauliza, "Na yule mtamba wa Nkwabi?"

Nikasema, "Nyoka."

"Nyoka wa aina gani?"

"Sikumwona."

Baba mdogo Donatus alikuwa amekaa mbele yangu. Ni yeye aliyeushika ule ufizi kwa vidole vyake. Alifungua mdomo, nikangoja. Akaufunga. Halafu akasema kwa sauti yake ya siku zote, "Nyoka wa siku hizi wana haraka, hata kujitambulisha hawajitambulishi." Wakacheka wote. Na mimi nilicheka, Nkwabi. Nilijisikia nikicheka.

Nimeandika neno hilo kwenye daftari, tarehe 20 Desemba: nyoka. Ni mstari wa kwanza wa uongo tangu nilipoanza kuandika, nikiwa kidato cha kwanza. Nilidhani mkono utakataa.

Mtama wa mwaka huu nimepanda, robo eka zaidi. Nimepanda pia juu ya duara la tatu, baada ya kumwaga samadi juu ya kifusi. Nitaukata Aprili punje zikiwa kama uji mzito, na mashina ya pale nitayang'oa. Elimu hiyo ni yako, siidai kuwa yangu.

Wazee walipoondoka, mama aliniita. Alitaka nimshushe kutoka kwenye kiti. Nikamwambia, "Mama, goti." Akasema, "Nishushe." Nilimshika chini ya makwapa, Loveness akamkunja mguu polepole, akawa analia kwa maumivu na kutukataza tusimwache. Alipiga magoti yote mawili kwenye sakafu. Sikusikia alichoomba. Nilisikia tu majina mawili, lako na langu, na hakutaja lipi lilitangulia kukosa.

Mbegu za maboga bado amekuwekea.

Nyamizi